Unaacha gari Mwanza miezi kadhaa? Usikimbilie turubai

Ukitafuta mtandaoni namna ya kulinda rangi ya gari ambalo litakaa muda mrefu bila kutembea, karibu kila utakachokuta kimeandikwa na watu wa kwenye theluji. Wenzetu wa Kanada, Marekani ya kaskazini na Ulaya huko, ikifika Novemba mwenye gari lake analolipenda analiosha, analipiga nta, analiingiza ndani na kulifunika mpaka Machi au Aprili, na sababu kubwa ni chumvi. Barabara zao zinamwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, chumvi inarukia chini ya gari na kwenye matao ya tairi, ikikaa na maji hapo kutu inakimbia balaa. Sasa mtu wa Buhongwa anasoma hayo anacheka, anasema huku theluji hamna, na ziwa letu lina maji baridi sio chumvi kama bahari ya Dar, kwahiyo hayanihusu. Anatupia turubai la bluu, anafunga kamba nne, huyo kaenda zake masomoni miezi 9. Akirudi anakuta boneti ina madoa yasiyofutika na mikwaruzo kila kona ambayo turubai lilikuwa linagusa, anaanza kumlaumu aliyemuuzia gari.

Ule ushauri wa theluji una vitu viwili ndani yake vimechanganyika. Kuna vya chumvi na kuganda kwa maji, hivyo kweli acha. Afu kuna vya uchafu, unyevu na kava, na hivyo vinakuhusu wewe kuliko vinavyomhusu yule mzungu, kwa sababu gari lake linalala gizani kwenye chumba kikavu chenye ubaridi na kwenye ubaridi kila kitu kinakwenda taratibu, hata asidi inakula polepole. La kwako linalala nje Mkolani, nyuzi 2 na nusu kusini mwa ikweta, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, jua linapita utosini mara 2 kwa mwaka na kipindi chote kilichobaki halipo mbali na hapo. Miale ya jua inayobabua rangi huku haina msimu wa kupumzika.

Watu wakiniuliza habari za kuacha gari swali la kwanza huwa ni nta gani nzuri. Mimi naona hilo ni swali la nne au la tano. Gari lililoegeshwa haliharibiki sana kwa kukosa nta, linaharibika kwa kile ulichokiacha juu ya rangi ukakifungia, iwe kinyesi cha ndege, vumbi, maji au vyuma. Ukifunika uchafu umeupa nyumba.

Tuanze na rangi yenyewe maana wengi tunaipaka vitu bila kujua ni kitu gani. Kuna bati, juu yake praima, juu yake rangi unayoiona, na juu kabisa kuna klia, ile inayong'aa kama kioo. Vyote kwa pamoja kwenye gari ambalo bado lina rangi ya kiwandani mara nyingi ni maikroni 100 mpaka 150, yani kama sehemu ya kumi ya milimita na kidogo, na klia peke yake inacheza kwenye 40 au 50. Unywele wa kichwani kwa kawaida ni mnene kuliko hiyo klia. Hako kangozi ndo kanapigana na jua, mvua na spanji ya kijana wa kawoshi miaka yote hiyo, na kakiisha hakuna nta inayokarudisha. Umeshaona magari yana paa linalobanduka magamba meupe, pembeni rangi bado safi? Hapo klia imeshakufa kwa jua, na inaanzia kwenye paa, boneti na buti kwa sababu ndo sehemu zinazotazama juu. Ukifika hapo ni fundi rangi tu, usimpe mtu hela akupigie polishi.

Kuna kitu kimoja kwa wenye Toyota nyeupe ya kawaida, ile ya namba 040. Hiyo mara nyingi haina klia, rangi ni hiyo hiyo mpaka juu, kwahiyo ukiisugua na kitambaa kikatoka cheupe usishtuke ukadhani fundi kakubadilishia, ndivyo ilivyo. Maana yake pia ni kwamba inachoka kwa kupauka, inakuwa kama chaki, lakini ukiisugua vizuri inarudi kuliko nyeusi yenye klia iliyokufa. Namba ya rangi ipo kwenye kile kibati cha taarifa za gari, kwenye fremu ya mlango au ndani ya boneti, tafuta palipoandikwa C/TR. Toyota nyingi za rangi ya fedha ni 1F7, nyeusi ya kawaida 202. Ikariri namba ya gari lako, tutairudia.

Sasa adui wa Mwanza ambaye hao wazungu hawamjui. Vumbi letu. Jiji la mawe hili, miamba yote hii ni matale (wajiolojia wanaita graniti), na ndani ya matale kuna madini yanaitwa kwatzi, na kwatzi kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs ni 7. Kisu cha jikoni hakifiki hapo, kioo cha dirisha hakifiki, na klia ya gari wala haipo kwenye maongezi hayo. Mwamba ukipasuliwa kutafuta kokoto, barabara ya mtaani ikikauka mwezi wa saba, vumbi linalotua kwenye boneti yako lina chembe za kitu kinachokwaruza kioo. Kwahiyo kila ukichukua kitambaa kikavu ukafuta gari la vumbi "kidogo tu lipendeze" unapiga msasa. Kama una gari jeusi fanya hivi usiku, washa tochi ya simu uiweke karibu na mlango, utaona mistari myembamba imezunguka ule mwanga duara zima, maelfu. Hakuna msumari wala mtoto mtundu hapo, ni kitambaa na vumbi, siku baada ya siku.

Na hapo ndipo turubai linapokuwa janga. Watu wanafikiri kava likishalala juu ya gari limelala, kumbe halilali. Mchana upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, usiku unageuka unatoka nchi kavu kwenda ziwani, kila siku ya Mungu, na vipindi vya mvua ngurumo za alfajiri zinakuja na upepo wa kung'oa mabati. Kava lililofungwa legelege linapanda linashuka, linapanda linashuka, na katikati ya kava na rangi kuna vumbi uliloliacha au lililopenya. Unategemea nini? Kona za paa, ncha za bampa, pale juu ya matao ya tairi na penye antena ndo panaisha kwanza, mpaka praima inaonekana.

Turubai la plastiki lina kosa la pili, halipumui. Ardhi ina unyevu, usiku ukipoa mvuke unapanda unakuta plastiki, unageuka matone, matone yanarudi kwenye rangi, asubuhi jua linachemsha yote hayo humo ndani. Rangi ya kiwandani inavumilia kwa muda, ila rangi iliyopigwa upya mtaani, na hasa kama fundi hakuipa muda wa kukauka vizuri, inaweza kuota ukungu mweupe ndani ya klia au vipele vya maji. Yale maturubai ni mazuri sana, yaanikie dagaa, yafunikie mahindi, kwenye gari hapana. Mtu akiniambia hana hela ya kava la kitambaa linalopumua mimi namwambia bora aliache wazi chini ya kibanda cha mabati kuliko kulivisha plastiki. Na kama hana kibanda wala kava, bora hela aliyotaka kununulia nta ya bei mbaya aiweke kwenye nguzo nne na bati.

Haya, ndege. Mwanza ukisema ndege unasema habari nzito, maana karibu na ziwa kuna yangeyange wanaolala kwenye miti kwa makundi, kunguru, mwewe, kwarara, na wale korongo wakubwa wenye vipara wanaozurura Mwaloni Kirumba wakisubiri mabaki ya samaki, ndege ambaye hata miguu yake mwenyewe anaipaka kinyesi ili ipoe, sasa atalionea huruma gari lako? Ile sehemu nyeupe ya kinyesi cha ndege ni asidi ya yuriki. Ikitua kwenye boneti saa sita mchana rangi ikiwa imechemka, klia inakuwa imelainika kidogo na kutanuka, kinyesi kinakauka na kuwa kigumu hapo hapo, jioni rangi inapoa inasinyaa huku imekishikilia, na asidi nayo inaendelea na kazi yake. Ukikitoa unakuta alama kama mtu kabonyeza na kidole cha moto. Siku 1 au 2 za jua kali zinatosha kuacha alama. Miezi 9 je? Kwahiyo ukilifunika gari lenye kinyesi hata kimoja unakipa joto, unyevu na muda, vitu vitatu kinavyovihitaji.

Namna ya kukitoa ndo watu wengi wanakosea, wanachukua kucha au kitambaa kikavu wanakwangua, na ndani ya kinyesi kuna mchanga. Lowesha kitambaa laini, kiweke juu, kiache dakika kama 10, kikishalegea unakiinua kama unavyookota kitu, hukisugui.

Wale vidudu wa ziwani nao, wale wanaopanda kutoka majini kama moshi unatembea juu ya ziwa, ukiwa Capri Point au Igombe utafikiri kuna kinachoungua kule mbali. Wanakuja kwa wingi zaidi kipindi cha mwezi mchanga, usiku ukiwa na giza, na wanafuata taa. Sasa mtu anaacha gari mwaka mzima kaliegesha chini ya taa ya ulinzi ili lionekane, kila kundi likija linafia juu ya paa. Wakifuata vidudu wanakuja buibui, wakija buibui wanakuja mijusi, kila mmoja anaacha chake. Taa iwepo, sawa, wizi upo, ila isiwe juu ya gari, iwe pembeni mita kadhaa imulike kuja upande wa gari. Mwembe pia sio rafiki, kivuli chake kizuri lakini unadondosha utomvu, majani na ndege wako juu yake.

Halafu kuna hili ambalo hutalikuta kwenye ushauri wa theluji hata ukisoma mwezi mzima, jirani fundi mageti. Ukiegesha gari karibu na mtu anayekata nondo kwa grainda, zile cheche ni vipande vya chuma vya moto, vinatua kwenye rangi vinajichimbia vikiwa vya moto, wiki mbili baadaye mvua ikinyesha gari jeupe linaota vidoti vya rangi ya machungwa mwili mzima. Watu wanasema gari limeanza kutu. Hapana, bati liko salama, ni vyuma vya jirani ndo vinapata kutu juu ya klia yako. Vikikaa miezi vinatoboa kwenda chini na hapo sasa kutu inakuwa yako kweli. Tembea hatua kadhaa kuzunguka eneo unalotaka kuacha gari, sikiliza, kama unasikia grainda tafuta kwingine, hata kama pako nyuma ya ukuta, cheche zinaruka ukuta.

Kazi yenyewe ya kuandaa gari ni ya siku 1, ukijipa siku 2 itakuwa vizuri zaidi. Kuosha kwanza, na sio kuoshea ziwani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za namna hiyo ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na hata ukiacha sheria, yale maji ya ukingoni yana mchanga na mwani, unayachota kwa ndoo unayamwaga kwenye spanji, tumesharudi kule kule kwenye msasa. Osha asubuhi au jioni kivulini, bati likiwa limepoa. Mwagia maji mengi kwanza bila kugusa chochote, presha ikiwepo safi ila usiipeleke karibu sana na kingo za rangi iliyobabuka, mchanga uondoke wenyewe. Ndoo ziwe 2, moja ya shampuu ya gari na nyingine ya maji matupu ya kusuuzia spanji kila inapotoka kwenye gari, anzia paa shuka chini, milango ya chini na bampa mwisho kwa sababu ndo penye mchanga mwingi. Sabuni ya unga ya kufulia inatoa uchafu kweli, na inatoa na nta yote iliyokuwepo, afu usipoisuuza ikakauka inaacha michirizi. Kama nyumbani mnatumia maji ya kisima kirefu usiache yakaukie juu ya rangi, yale madini yanabaki kama viduara vyeupe vinavyokataa kutoka. Futa na taulo la maikrofaiba, lilaze uvute, usizungushe.

Chini ya gari usisahau, matope ya Mwanza yakiganda kwenye matao ya tairi yanakaa na unyevu wiki nzima. Fungua milango yote uangalie ukingo wake wa chini, kuna vitundu vidogo vya kutolea maji, chukua njiti ya meno zibua. Na pale chini ya kioo cha mbele wipa zinapolala toa majani yote, maji yakikosa njia pale yanaingia ndani ya kuta za bodi na kutu inaanza kutokea ndani kuja nje, siku ukiiona imeshamaliza kula. Wapo watakaokushauri kupaka oili chafu au dizeli chini yote. Mimi sikushauri, zinakula raba za miguu ya gari, zinashika vumbi, na zinadondokea kwenye ardhi ya mwenye nyumba.

Ambao magari yao yametoka Japani moja kwa moja, na ndo wengi wetu, hapa kuna kaujanja ka kuangalia. Japani nayo ina maeneo ya theluji nzito, Hokkaido, Niigata na mikoa ya Tohoku, barabara zao nazo zinamwagiwa chumvi. Gari linaweza kushuka bandarini linameta juu, ukilala chini ukaangalia boliti na viungo vya bomba la moshi unakuta kutu ya miaka. Kama lako ni la hivyo, ule ushauri wa chumvi uliokuwa unaucheka unakuhusu, lioshe chini na presha vizuri mara mbili tatu, likauke, kutu ya juu juu isuguliwe na kupakwa dawa ya kuzuia kutu kabla hujaliacha kwenye masika.

Gari likikauka pitisha mkono. Hapa kuna kipimo kizuri, vaa mfuko mwepesi wa plastiki mkononi kama glavu (mifuko ya rambo ilipigwa marufuku Juni 2019, tumia kifungashio cha mkate), afu pitisha vidole taratibu kwenye boneti. Mkono mtupu utakwambia rangi ni laini, kile kifungashio kitakwambia ukweli, utasikia vichenga vichenga kama umepitisha kwenye ngozi ya machungwa. Hizo ni chembe za vyuma vya breki, cheche, utomvu, vyote vimejichimbia na sabuni haivitoi. Vinatolewa na udongo maalumu wa kusafishia rangi unaouzwa kwenye maduka ya urembo wa magari, unaukanda uwe bapa, unalowesha rangi kwa maji ya shampuu, unauteleza bila kukandamiza mpaka mikwaruzo ya sauti inakwisha. Ukidondoka chini hata mara moja tupa, usiuonee huruma, umeshashika kwatzi. Usidanganywe na mtu kutumia udongo wa kichuguu, nimeshasikia hiyo.

Palipochubuka na kokoto mpaka bati linaonekana, panatibiwa sasa, kabla ya nta. Na palipobonyea bila kubabuka paache, rangi bado imefunga. Kidonda kidogo cha kokoto safisha, sugua kutu na msasa laini uliokunjwa kama ncha ya penseli, paka dawa ya kutu, praima, afu rangi kwa brashi ndogo mara kadhaa nyembamba, kila moja ikauke. Ile namba ya C/TR ndo unaipeleka kwa wachanganya rangi wakupe kachupa kadogo, usiende na picha ya simu. Itaonekana kidogo ukikaribia, ndio, lakini lengo hapa ni kuziba njia ya maji, urembo utashughulikia ukirudi.

Dukani sasa. Kuna chupa za aina mbili watu wanazichanganya kila siku kwa sababu zote muuzaji anaziita polishi. Moja inakula, ina chembe za kusugua, rabing kampaundi na ndugu zake, hiyo inapunguza klia ili mikwaruzo ipotee. Nyingine inafunika, nta na ndugu zake, haipunguzi kitu. Kijana wa kawoshi atakwambia "Bosi nikupige polishi?" ukimuuliza ipi atakujibu "Ile ya kung'arisha, bosi wangu," na huna habari anashika chupa gani. Kwa gari linaloenda kulala, ya kula usiitumie ila pale kweli rangi imepauka, na mara moja tu kwa mkono mwepesi, maana kila maikroni unayoondoa leo ndo kinga ya jua la kesho. Mashine ya bufa mikononi mwa asiyeijua inatoboa klia kwenye kingo ndani ya dakika. Na yale mafuta ya silikoni ya kung'arishia dashibodi na tairi usipake kwenye bodi, yanang'aa siku hiyo, yanavuta vumbi, na fundi rangi akija kupiga rangi siku za mbele itamkataa, inatengeneza vijicho vijicho.

Nta ya asili inayosifiwa sana ni kanauba, inatoka kwenye majani ya mti fulani wa jamii ya minazi na michikichi wa kaskazini mashariki mwa Brazili, inayeyuka kwenye nyuzi 80 na kitu. Nzuri, inatoa mng'ao mzito, ila boneti nyeusi juani inachemka mpaka huwezi kuweka kiganja, kwahiyo kwa jua letu mwezi 1, miezi 2 imekwisha. Kwa gari linalolala nje mimi napendelea ile ya kutengenezwa kiwandani, silanti, inakaa miezi 4 mpaka 6. Ile seramiki inakaa zaidi, miaka, ila inataka rangi iliyoandaliwa kitaalamu na sehemu isiyo na vumbi wakati wa kupaka, na bei yake kwa IST iliyochoka haina maana. Chochote utakachochagua paka nyembamba, kipande kwa kipande, kivulini, futa. Ukipaka nene unalisha taulo tu. Na ndani ya kingo za milango, kwenye ukingo wa buti, chini ya mshikio, huko ndo watu hawapaki na ndo maji yanakaa.

Kava ni la mwisho kabisa. La kitambaa kinachopumua, lenye ulaini upande wa ndani, saizi ya gari lako hasa, lenye lastiki na mikanda ya kupita chini ili lisipige mbawa. Noah usivishe kava la Harrier. Gari liwe limekauka kabisa, na kava lenyewe lisiwe limebuluzwa mchangani. Kama gari liko ndani ya banda lililofungwa pande zote, kava la shuka za pamba zilizofuliwa linatosha, vumbi tu ndo tatizo. Sakafu iwe ya simenti. Kama ni udongo au majani, unyevu unapanda usiku kucha, mwaga kokoto hapo chini au hamisha. Mambo mengine nayapitia haraka kwa sababu sio ya rangi: toa kebo ya betri, tairi zijae upepo, usivute handibreki bali weka gia au P na magogo kwenye tairi, wipa zinyanyue zisigande kwenye kioo, na chakula chochote kitoke ndani maana panya wa Mabatini hawana utani na nyaya.

Mtu unayemwachia gari ndo sehemu nyeti, na mara nyingi ni shemeji, mdogo wako au mlinzi, ambaye kwa moyo mweupe kabisa Jumamosi moja ataamua kukufurahisha, atafunua kava, atachukua tambara kavu la jikoni, atafuta gari lote ling'ae akupigie picha akutumie. Mwambie mapema, kwa upole, asifute. Kazi yake iwe kukaza mikanda ya kava baada ya upepo, kukagua kama kuna kinyesi kimepenya kitoke kwa kitambaa chenye maji kama tulivyosema, na siku ya jua baada ya mvua za mfululizo afunue nusu saa unyevu utoke, afu arudishe. Kufunua kwenyewe ni kwa kukunja kutoka nyuma na mbele kwenda kwenye paa, upande wa nje wenye vumbi ulaliane wenyewe kwa wenyewe usiguse rangi, sio kuvuta kava zima kwa mkupuo kama mtu anayevua shuka kitandani.

Ukirudi fanya hivyo hivyo, na hata kama gari linaonekana safi limwagie maji kwanza kabla ya kuligusa. Kagua madoa kivulini, doa la kinyesi lililoacha alama ndogo kwenye klia wakati mwingine linapungua gari likikaa juani likachemka, kwahiyo usikimbilie kampaundi siku ya kwanza, lipe siku chache za kutembea. Kava lifue lenyewe kwa sabuni nyepesi, lianike pande zote mbili mpaka likauke kweli kweli ndo ulikunje, ukilikunja na unyevu litaota ukungu, na safari ijayo huo ukungu utalalia boneti yako.